Kucheza Shock Troopers: Mwongozo wa Kuchagua Kikosi na Kukiongoza

Mpwa wangu alipoanza kucheza gemu ya Shock Troopers sebuleni kwetu mtaani Umoja, Nairobi, alikuwa akifa mahali pamoja kila mara, na kila alipokufa alilalamika kwamba risasi za adui ni nyingi mno. Nilikaa kando yake jioni tatu mfululizo nikivitazama vidole vyake badala ya skrini, nikaona kwamba risasi hazikuwa tatizo. Kidole gumba chake cha kulia hakikuondoka kwenye kitufe cha kufyatua hata mara moja, na katika wapiganaji watatu aliowachagua alikuwa akimtumia mmoja tu tangu mwanzo hadi mwisho, huku wale wawili wengine wakisubiri zamu isiyofika. Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili yake na kwa ajili ya yeyote aliyekwama kama yeye, kwa sababu ushindi katika mchezo huu huletwa na miguu kabla ya kuletwa na bunduki, na kikosi cha watu watatu humfaa mchezaji yule tu anayekubali kuwabadilisha mapema.

Gemu yenyewe kwa ufupi

Shock Troopers ilitengenezwa na kampuni ya Saurus ya Japani na kutolewa na SNK mwaka 1997 kwa mashine za Neo Geo, zile zilizowekwa katika kumbi za burudani zikiendeshwa kwa sarafu. Mchezaji huutazama uwanja wa vita kutoka juu, kama mtu aliyesimama kwenye roshani ya ghorofa ya nne akiangalia watu wanaopita barabarani, na mpiganaji wake anaweza kutembea na kufyatua risasi katika pande nane. Kisa chake ni chepesi kufuata: kundi la kigaidi liitwalo Bloody Scorpion limemteka mwanasayansi, Daktari James, pamoja na mjukuu wake Cecilia, kwa kuwa linaitaka dawa iitwayo Alpha-301, na wewe unatumwa kuwakomboa. Kuna wapiganaji wanane wa kuchagua, nao ni Jackal, Loki, Milky, Big Mama, Marie Bee, Southern Cross, Rio na Toy. Tofauti na michezo mingi ya ukoo wake, ambayo risasi moja tu hukuua, hapa mpiganaji ana mstari wa uhai unaopungua kidogo kidogo, na jambo hilo hukupa nafasi ya kukosea na kujirekebisha kabla ya kurudi mwanzo.

Hatua ya kwanza: andaa vifaa vyako vizuri

Huhitaji mashine ya zamani ili kuicheza. Kampuni ya Hamster iliitoa katika ACA NeoGeo, mfululizo wake wa gemu za zamani za Neo Geo, kwa ajili ya Nintendo Switch mwaka 2017, na kuna toleo la kompyuta linalouzwa kupitia duka la mtandaoni la Steam. Mwenye kompyuta kuukuu asiwe na hofu, kwani picha ya Neo Geo ilikuwa na nukta 320 kwa 224 tu na prosesa yake kuu, Motorola 68000, ilifanya kazi kwa kasi ya megahezi 12, hivyo tarakilishi ya mitumba inayoweza kuonyesha video za kawaida bila kukwama kwa kawaida huimudu.

Kinachohitaji uangalifu zaidi ni pedi, yaani kile kifaa cha mkononi chenye vitufe na kijiti cha kuelekeza. Katika mchezo wa pande nane, pande za mshazari ndizo zinazokuokoa, na ndizo zinazokuwa za kwanza kufa katika pedi hafifu. Niliwahi kununua pedi katika duka moja la mjini kwa bei iliyonifurahisha, na kabla ya wiki kwisha upande wa chini kushoto ukawa hauitikii; mpiganaji wangu alikuwa akishuka moja kwa moja kwenye risasi nilizokusudia kuzikwepa kwa mshazari. Tangu siku hiyo, ninapokwenda Luthuli Avenue kutafuta pedi, humwomba muuzaji aichomeke kwenye kompyuta yake kwanza, kisha nazungusha kidole gumba juu ya kijiti polepole, mizunguko mitatu kwenda kulia na mitatu kwenda kushoto, nikitazama kama pande zote nane zinatokea kwenye skrini kwa mpangilio bila kuruka hata mmoja. Muuzaji mwema huelewa na kusubiri. Asiyekuruhusu kuijaribu pedi, mshukuru kwa heshima uendelee na duka linalofuata.

Jambo la pili ni ucheleweshaji wa televisheni. Mchezo huu huchora picha zipatazo 60 kwa sekunde, yaani kila picha hudumu takriban milisekunde 17. Televisheni nyingi za kisasa huipamba picha kabla ya kuionyesha, na upambaji huo unapochukua milisekunde 100, utakuwa unaona mambo yaliyotokea picha sita zilizopita. Kwa mtazamaji wa taarifa ya habari hiyo si hasara yoyote, lakini kwa mtu anayetaka kukwepa risasi iliyo umbali wa hatua mbili ni tofauti ya kuishi na kufa. Ingia kwenye mipangilio ya televisheni, utafute hali maalumu ya gemu na uiwashe. Ikiwezekana, tumia pedi yenye waya.

Ukicheza kwenye toleo la ACA NeoGeo, unaweza pia kupunguza ugumu wa mchezo kwenye mipangilio na kuhifadhi mahali ulipofikia. Mimi huhifadhi kila ninapomaliza awamu, kwa kuwa stima hupotea bila kuaga.

Hatua ya pili: vijue vitufe vinne

Mashine ya Neo Geo ina vitufe vinne, navyo vyote vina kazi katika mchezo huu. Kitufe A hufyatua risasi, B humfanya mpiganaji abingirike ardhini ili kukwepa, C hurusha silaha maalumu ya mpiganaji huyo, na D humbadilisha mpiganaji iwapo umechagua kucheza na kikosi. Ukiwa karibu kabisa na askari wa adui, kitufe kile kile cha kufyatua humfanya mpiganaji wako amshambulie kwa silaha ya mkononi badala ya risasi, na shambulio hilo ni zuri unapobanwa pembeni na mtu mmoja, ila ni hatari kulifuata kwa makusudi mbele ya kundi.

Kwenye pedi za leo, mpangilio wa vitufe unaweza kubadilishwa, nami nakusihi ufanye badiliko moja. Kihamishe kitufe cha kubadilisha mpiganaji kiende juu ya pedi, mahali ambapo kidole cha shahada hukaa. Ukikiacha upande wa mbele pamoja na vingine vitatu, kidole gumba kimoja kitalazimika kuacha kufyatua au kuacha kukwepa ili kibadilishe mpiganaji, na kwa kuwa hakuna mtu anayependa kuacha kufyatua wakati wa hatari, hutabadilisha kamwe. Hilo ndilo lililokuwa likimtokea mpwa wangu. Alidhani ana ukaidi, kumbe kitufe kilikuwa mbali na kidole.

Hatua ya tatu: jifunze kufunga mwelekeo

Hapa ndipo ningependa ukae kwa muda mrefu zaidi, hata kama una hamu ya kusonga mbele, kwa sababu mbinu hii ndiyo inayowatenganisha wachezaji wa gemu hii.

Tatizo lenyewe ni la kale. Katika gemu za kwanza za ukoo huu, kama vile Commando ya kampuni ya Capcom ya mwaka 1985, mpiganaji alifyatua upande aliokuwa akielekea, hivyo kila aliporudi nyuma kukwepa, bunduki nayo iligeuka na kumwacha adui salama. SNK walijaribu kulitatua katika Ikari Warriors mwaka 1986 kwa kuweka kijiti kinachozungushwa kama kitasa, ili mkono uelekeze miguu na mzunguko uelekeze bunduki. Shock Troopers ilichukua njia isiyohitaji kifaa cha pekee: ukishikilia kitufe cha kufyatua bila kukiachilia, mwelekeo wa bunduki hufungwa pale ulipokuwa, na mpiganaji anaweza kutembea upande wowote huku akiendelea kupiga palepale. Ukiachilia na kubonyeza upya, bunduki hufuata tena mwelekeo wa miguu.

Maana yake ni kwamba kitufe kimoja kina lugha mbili, na mchezaji lazima ajue anasema ipi. Kubonyeza kwa kugonga gonga ni kusema, "geuka unapokwenda." Kubonyeza kwa kushikilia ni kusema, "usigeuke hata nikikimbia." Mchezaji anayeshikilia kitufe muda wote huwa amefunga mwelekeo bila kujua, kisha hushangaa kwa nini mpiganaji wake hamgeukii askari aliyetokea nyuma, naye anayegonga gonga muda wote hupoteza shabaha kila anapokwepa.

Fanya zoezi hili kabla ya kitu kingine. Anzisha awamu ya kwanza, uwaondoe askari waliopo hadi pabaki nafasi tupu kidogo, kisha elekea juu na ushikilie kitufe cha kufyatua. Tembea kulia hadi ukingo wa skrini, rudi kushoto hadi ukingo wa pili, halafu rudi nyuma hatua tano, huku macho yako yakithibitisha kwamba risasi zinaendelea kwenda juu wakati wote. Achilia. Elekea mshazari wa juu kulia, shikilia, na urudie mwendo ule ule. Fanya hivyo kwa pande zote nane. Pande za mshazari zitakusumbua, kwa kuwa kidole huteleza na kuishia kwenye upande ulionyooka kabla hujabonyeza. Dawa yake ni kuelekea kwanza, kubonyeza baadaye, wala si kufanya yote mawili kwa pamoja. Dakika kumi za zoezi hili kwa siku nne zilimsaidia mpwa wangu kuliko wiki mbili za kukimbilia bosi, yule adui mkubwa anayengoja mwishoni mwa awamu.

Ukishaizoea mbinu hii, kanuni ya mwendo inakuwa rahisi kuitamka: mfungie bunduki adui aliye mbali, kisha utembee kwa kukata njia ya risasi zake, kushoto na kulia, pasipo kumsogelea. Risasi nyingi za adui hulenga mahali ulipokuwa zilipotoka, kwa hiyo aliyesimama hupigwa na anayetembea pembeni hupitwa.

Hatua ya nne: kubingirika kwa kipimo

Mpiganaji anapobingirika, risasi haziwezi kumdhuru. Habari hiyo huwapendeza sana wanaoanza, nao hubonyeza B mfululizo kama mtu anayepiga honi kwenye msongamano. Lakini kubingirika kuna gharama mbili. Ya kwanza ni kwamba huwezi kufyatua wakati huo, kwa hiyo kila mbingiriko ni muda ambao maadui wanaongezeka bila kupungua. Ya pili ni kwamba kinga huisha mbingiriko unapoisha, na mpiganaji husimama mahali papya ambapo huenda pana risasi nyingine inayowasili.

Kwa hiyo, kabla ya kubonyeza, jicho lichague mahali pa kusimamia. Usiitazame risasi unayoikwepa, tazama ardhi tupu iliyo ng'ambo yake. Mara nyingi mahali salama ni mbele, kuupita mstari wa risasi, kwa sababu nyuma yako risasi hizo hizo zitaendelea kukufuata, ilhali ukizipita zimekwisha habari. Mwanzoni moyo hukataa kubingirika kuelekea bunduki zinazowaka. Jaribu mara chache mbele ya askari mmoja tu, na mwili utakubali wenyewe.

Tumia miguu kwa risasi moja moja, na uuweke mbingiriko kwa ajili ya pazia la risasi lisilo na tundu. Ukijikuta umebingirika mara tatu bila kufyatua hata mara moja, ujue ulikwishachelewa kabla ya ule wa kwanza. Umesonga mbele kupita kiasi na kuamsha maadui wengi kuliko unaoweza kuwamudu. Skrini husonga unaposonga wewe, basi piga hatua, safisha, kisha piga hatua nyingine.

Hatua ya tano: chagua kikosi

Mwanzoni mchezo hukupa aina mbili za safari. Ya kwanza huitwa Lonely Wolf, ambapo unachagua mpiganaji mmoja na kumaliza naye safari nzima. Ya pili huitwa Team Battle, ambapo unachagua watatu na unaweza kuwabadilishana wakati wowote, hata katikati ya mapigano. Kwa anayeanza nashauri Team Battle bila kusita, kwa kuwa inafundisha tabia za wapiganaji watatu kwa gharama ya safari moja.

Wapiganaji hutofautiana kwa kasi, kwa nguvu na kwa silaha maalumu. Wanaoanza huwachagua kwa sura, na wengine huwachagua watatu wanaofanana kwa sababu wamempenda mmoja na wanataka wenzake wawe kama yeye. Kikosi cha namna hiyo ni sawa na timu ya mpira yenye washambuliaji watatu na hakuna hata beki mmoja. Nafasi tatu ulizo nazo zijazwe na kazi tatu tofauti. Awepo mmoja wa kati asiye na upungufu mkubwa, ambaye utatembea naye muda mwingi; kwa kazi hii Jackal ni chaguo zuri. Awepo mzito mwenye nguvu, wa kukabili vizuizi na mashine, kama Loki, aliye jitu la mtu na mwendo wake ni wa polepole. Awepo pia mwepesi wa miguu, wa kupenya mahali ambapo uwanja umejaa risasi, kama Milky. Sisemi kwamba hawa watatu ndio kikosi bora kwa kila mtu. Nasema kwamba kazi hizo tatu zinahitaji kuwa na mwenyewe.

Njia ya uhakika ya kuwajua ni kuwapima mwenyewe. Chukua daftari na kalamu, uingie kwa Lonely Wolf na mpiganaji mmoja mmoja, na umpime kwa mambo mawili. Kwanza, safisha eneo la mwanzo, kisha mtembeze kutoka ukingo wa kushoto hadi wa kulia huku ukihesabu kwa sauti kwa mwendo ule ule, moja, mbili, tatu, na uandike idadi. Pili, rusha silaha yake maalumu mara moja kwenye nafasi tupu na mara moja kuelekea kizuizi, ukichunguza inavyokwenda: je, inaruka juu na kuangukia ng'ambo ya kizuizi, inakwenda moja kwa moja, au inatanda pale inapoangukia? Inafika umbali gani? Silaha inayoangukia ng'ambo hukusaidia dhidi ya askari waliojificha, inayotanda hukusaidia dhidi ya kundi linalokuja mbio, na inayokwenda moja kwa moja hukufaa dhidi ya bosi asiyehama. Wapiganaji wanane huchukua chini ya saa moja kupimwa, na daftari hilo litakuwa lako daima, wala halitategemea maoni ya mtu aliyezoea vidole vyake yeye.

Silaha maalumu zina idadi, na nambari yake iko kwenye skrini. Zitumie. Nimewaona wachezaji wengi wakifa wakiwa na akiba kamili, kwa kuwa walikuwa wakiiwekea hatari kubwa zaidi ambayo hawakuwahi kuifikia. Kanuni yangu ni kwamba kundi la askari watano au zaidi linastahili silaha moja, na kwamba unapokaribia mwisho wa awamu ubaki na za kutosha kumkaribisha bosi.

Hatua ya sita: badilisha kabla ya shida

Mpwa wangu alipokubali hatimaye kutumia kitufe cha kubadilisha, alikitumia vibaya kwa namna ambayo wengi hukitumia. Alisubiri hadi Loki azungukwe pande zote, ndipo akamwita Milky. Milky alifika palepale alipokuwa Loki, katikati ya moto ule ule, na wepesi wake haukuwa na nafasi ya kufanya kazi.

"Mjomba, huyu naye hafai," akaniambia, akiiweka pedi juu ya meza.

Nilimwomba anionyeshe tena, na safari hii nikamsimamisha sekunde nne kabla ya hapo, askari walipokuwa ndiyo kwanza wanatokea kwenye kona za skrini na bado hawajafyatua. Nikamwambia abadilishe wakati huo. Alifanya hivyo, akatembea na Milky hadi pembeni, akafunga bunduki kuelekea katikati, na wale askari wakaja mmoja mmoja kwenye mstari wake wa risasi. Hakubingirika hata mara moja.

Badilisha kwa kusoma uwanja unaokuja, wala usisubiri mstari wa uhai ukutishe. Uwanja mwembamba wenye vizuizi na mashine unamwita mzito. Uwanja mpana unaotoa askari pande zote unamwita mwepesi. Kwingineko tembea na yule wa kati. Ukiwa umecheza awamu mara mbili, utakuwa unajua ni wapi kila uwanja unaanzia, na hapo kitufe cha kubadilisha kitabonyezwa mahali pale pale kila safari, kama vile dereva wa matatu anavyobadilisha gia kabla ya kupanda mlima badala ya kusubiri gari lianze kugugumia.

Kuna kosa dogo la kuepuka. Baada ya kubadilisha, vidole hubaki na mwendo wa mpiganaji aliyetoka. Anayetoka kwa mwepesi kwenda kwa mzito hujikuta akifika nusu ya mahali alipokusudia, na risasi humpata njiani. Mara tu unapobadilisha, piga hatua mbili za bure upande usio na risasi, ili mkono wako uukumbuke mwendo wa mtu mpya.

Hatua ya saba: njia tatu

Mchezo hukuuliza upitie wapi: msituni, milimani au bondeni. Kisha katikati ya safari hukupa nafasi ya kubadilisha njia ukitaka. Uhuru huo ni mzuri, lakini kwa mwanafunzi unaweza kuwa mtego. Anayetoka Umoja kwenda mjini anaweza kushika Jogoo Road au kuzunguka kwa Outer Ring hadi Thika Road, na kila dereva ana sababu zake. Ila anayebadilisha barabara kila siku hatajua lini mashimo ya ile aliyoiacha yalizibwa. Chagua njia moja na ukae nayo, ukikataa kila unapoulizwa kuhama, hadi uweze kufika mwisho wake bila kuongeza sarafu zaidi ya mbili. Ndipo uifungue ya pili.

Nasema sarafu kwa mazoea. Kwenye matoleo ya leo, sarafu ni kitufe tu, nawe unaweza kuendelea bila kikomo, na hiyo ndiyo sababu wengi humaliza gemu hii jioni moja bila kujifunza chochote. Jiwekee kiwango, useme leo nina sarafu tano, na zikiisha uanze upya. Toleo la ACA NeoGeo lina pia hali ya kushindania alama kwa dakika tano, nayo ni mazoezi mazuri kwa mtu aliye na muda mfupi kabla ya chakula cha jioni.

Mabosi

Kuhusu mabosi nina neno moja tu, kwa kuwa kila mmoja ana desturi yake na kuielezea ni kukuondolea raha. Mara ya kwanza unapokutana naye, usifyatue kabisa kwa nusu dakika. Tembea, bingirika pale inapobidi, na uhesabu: anapiga mara ngapi kabla ya kupumzika, na anapopumzika anaelekea wapi? Pumziko hilo ndilo la kutumia silaha maalumu za mzito wako. Utapoteza uhai kidogo katika nusu dakika hiyo, na utaupata tena mara nyingi katika safari zinazofuata.

Mkicheza wawili

Gemu hii inaruhusu wachezaji wawili kwa pamoja, na raha yake huongezeka maradufu. Gawaneni skrini kabla ya kuanza, mmoja ashike kushoto na mwingine kulia, na kila mtu afungie bunduki yake upande wa mwenzake, siyo upande wake mwenyewe. Kwa njia hiyo risasi zenu hukatana katikati na askari anayemvizia mmoja hupigwa na mwingine. Vitu vya kurudisha uhai vikitokea, avichukue yule mwenye mstari mfupi, na jambo hilo lisemwe kwa sauti kabla ya mtu kusogea. Nyumbani kwetu husikika, "Mjomba, hicho ni chako," nami hujibu, "Asante, nifunikie," kisha nakwenda. Silaha za kuokota zigawanywe kwa zamu, kwani hazidumu, na kugombania moja ndiko kulikotuua mara nyingi kuliko bosi yeyote.

Kila mkimaliza, au kila unapomaliza peke yako, fungua lile daftari na uandike mambo matatu: ulifia wapi, ukiwa na nani, na ulikuwa unabonyeza kitufe kipi. Daftari la mpwa wangu lina ukurasa wa msituni ambao mstari wake wa kwanza unasema, "Askari wa pande mbili, Loki, A." Mstari huo umerudiwa mara nne, neno kwa neno. Wa tano una jina la Milky, na jina la mahali ambapo hakuwa amewahi kufika.